Kununua na Kufuga Konokono Jitu wa Nchi Kavu, Hatua kwa Hatua

Konokono jitu ni rahisi kumlisha, lakini kumzuia asijaze nyumba watoto ni kazi nyingine. Muuzaji atakueleza hilo la kwanza tu. Hapa nimepanga hatua kwa utaratibu ninaoufuata mimi, na ndiyo maana mnyama mwenyewe anaingia nyumbani kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Uliza sheria

Marekani ni kosa kumiliki konokono jitu wa Afrika bila kibali cha serikali. Uingereza watu wanawafuga bila shida, ila kuwaachia nje ni marufuku. Uliza mamlaka ya kilimo au ya wanyamapori unakoishi kabla hujatoa pesa, na neno la muuzaji lisikutoshe.

Hatua ya 2: Chagua aina

Wanaofugwa zaidi ni aina tatu. *Lissachatina fulica*, ambaye maandishi ya zamani humwita *Achatina fulica*, asili yake ni Afrika Mashariki. Ni mvumilivu, na gamba lake linaweza kufika sentimita 20, ingawa wengi huishia chini ya hapo. *Achatina achatina* wa Afrika Magharibi ana michirizi kama ya chui milia, na ndiye mkubwa kuliko wote: mmoja aliyetoka Sierra Leone, aliyepewa jina la Gee Geronimo, alipimwa mwaka 1978 akawa na urefu wa sentimita 39.3 alipojinyoosha, na uzito wa gramu 900. Huyu anadai unyevu mwingi na si wa kujifunzia. Wa tatu, *Archachatina marginata*, naye ni wa Afrika Magharibi.

Anayeanza namshauri *marginata*, kwa sababu moja tu: mayai yake ni makubwa na machache, hivyo unayaona. *Fulica* anaweza kutaga 100 hadi 400 kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 3: Tengeneza makazi kwanza

Boksi la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kifuniko cha kubana, linatosha. Kwa konokono wakubwa wawili anzia lita 40, na upana ni muhimu kuliko kimo. Akianguka kutoka juu akatua juu ya jiwe, gamba linapasuka, kwa hiyo usipambe ndani kwa mawe wala vigae. Toboa matundu madogo ya hewa. Kifuniko kifungwe kweli, maana wana nguvu ya kushangaza na usiku ndipo wanapoamka. Usitumie wavu au kitu chochote cha shaba, ni sumu kwao.

Chini weka sentimita 8 hadi 10 za vumbi la makumbi ya nazi, au udongo ambao haujawahi kuguswa na mbolea wala dawa ya wadudu. Kipimo cha unyevu ni mkono: chukua konzi ukamue. Ukishikamana bila kudondosha maji, umefika. Ukidondosha, ongeza mkavu.

Joto liwe kati ya nyuzi 21 na 26 za Selsiasi. Chumba kikiwa baridi, bandika mkeka wa umeme wa kupasha joto ubavuni mwa boksi, pamoja na kidhibiti joto. Usiuweke chini. Konokono akihisi joto kali hujichimbia ardhini kutafuta ubaridi, na mkeka ukiwa chini anajipeleka mwenyewe kwenye moto.

Hatua ya 4: Mkague kabla ya kumchukua

Hapa usione haya kuchukua muda. Lowesha kiganja, mweke juu yake, tulia. Mzima atatoka taratibu, atanyoosha pembe nne, mbili ndefu za juu zikiwa na macho nchani. Gusa ncha ya pembe moja kidogo sana: inapaswa kurudi ndani papo hapo. Kisha angalia ukingo wa mdomo wa gamba. Kwa anayekua, ukingo huo ni mwembamba na unabonyea, na hiyo ni dalili njema kwamba anajenga gamba jipya. Ncha ya gamba iliyochakaa na kuwa nyeupe si tatizo kwa mtu mzima. Tundu ni tatizo.

Mwache aliyejikunja ndani kabisa hadi mdomo wa gamba unaonekana kama shimo tupu, na mwache anayenuka uozo. Kwenye kundi la umri mmoja usimwonee huruma yule mdogo aliyedumaa. Mara nyingi hafiki mbali.

Nunua waliozaliwa kwa mfugaji. Wa porini wanaweza kubeba mnyoo wa panya, *Angiostrongylus cantonensis*, ambao ukimwingia binadamu unaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Hata kwa wa nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika.

Akiwa amegandia ukutani, usimvute kwa gamba. Ndani kuna msuli unaomshikiza gambani, na ukichanika umemuua polepole. Mnyunyizie maji, pitisha kidole kilicholowa chini ya mwili, atajiachia.

Hatua ya 5: Chakula na kalsiamu

Tango, boga, karoti, viazi vitamu na saladi, vyote vikioshwa vizuri. Spinachi ipunguze, inazuia kalsiamu kufyonzwa. Chumvi, kamwe, hata ile iliyo ndani ya chakula kilichopikwa.

Kalsiamu iwemo ndani saa zote: mfupa wa dome, ule mweupe wanaopewa kasuku, au maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Ikikosekana, wataanza kukwangua magamba ya wenzao.

Hatua ya 6: Kazi za kila siku

Jioni nyunyiza maji yaliyokaa wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Asubuhi toa mabaki ya chakula. Kuta futa kwa maji matupu, bila sabuni. Ukimkuta amejifungia kwa utando mkavu mdomoni, hajafa: pamekauka. Rudisha unyevu, mwogeshe maji ya uvuguvugu, atafungua.

Hatua ya 7: Mayai

Kila konokono ni dume na jike kwa pamoja, na akishapandana huweza kutunza mbegu kwa miezi mingi. Kwa hiyo hata uliyemnunua peke yake anaweza kutaga.

Kila baada ya siku tatu pekua udongo kwa vidole hadi chini kabisa, hasa kwenye pembe za boksi. Ya *fulica* ni meupe au ya manjano hafifu, milimita 4 hadi 5, yamelundikana. Yakusanye yote, yafunge kwenye mfuko, yagandishe kwenye friza siku mbili, ndipo yatupwe. Udongo wa zamani nao ugandishwe kabla ya kutupwa. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliingiza konokono watatu Miami kutoka Hawaii, wakaachiwa bustanini; baada ya miaka saba walikuwa zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kuligharimu serikali zaidi ya dola milioni moja.

Ukitaka kulea wachache, bakiza mayai matano kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu, gandisha mengine siku hiyohiyo.