Kutembea na watoto kando ya mto

Mkienda kutembea kando ya mto na watoto, anzeni kwa kuelekea mto unakotoka. Wakati wa kurudi mtakuwa mnateremka, na hapo ndipo miguu midogo huwa imechoka. Urefu wa njia upimeni kwa mtoto mdogo kuliko wote, si kwa baba mwenye haraka zake; kilomita 3 zenye vijiwe vya kurusha majini zinatosha kabisa. Mtu mzima atembee upande wa maji. Kama mvua imenyesha karibuni, kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, mbebeni mgongoni. Na maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kuleta vijiti na majani, ondokeni ukingoni upesi: huenda mvua inanyesha huko juu, hata kama mlipo jua linawaka.