SOMO: Kabla hujanunua kopo la kujaza misuli, ligeuze usome nyuma

Wakuu habari za jioni. Nimechoka jamani, kila wiki ni lile lile, "kaka nitumie nini nijae", nikimjibu mmoja kesho anakuja mwingine na picha ya kopo. Naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia link tu.

1. Uwe unapiga tizi kweli, angalau mara tatu kwa wiki. Kama hupigi ishia hapa.

2. Jua unahitaji protini kiasi gani. Mbeba vyuma anatoshwa na gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 70, ni gramu 112. Yai moja lina gramu 6, sasa hesabu ulichokula jana, maharage, dagaa, mtindi, vyote weka.

3. Geuza kopo. Hapa ndo nilipopigwa. Nilikuwa mwembamba kama njiti, nikaingia duka moja Kariakoo nikaona kopo la gena (unga wa kuongeza uzito) kilo 3, mbele limechorwa jamaa ana kifua kama mlango, limeandikwa protini gramu 50. Nikatoa laki na tisini nikijua nimemaliza kazi. Nyumbani ndo nasoma kwa nyuma kwamba hizo gramu 50 unazipata ukikoroga gramu 330 za unga kwa mara moja, yaani kopo zima ni mara 9 tu! Kilichobaki karibu chote ni maltodekstrini, wanga unaomeng'enywa haraka kama sukari. Wiki ya pili kitambi kinachungulia, tumbo linaunguruma usiku mpaka mwenzangu wa geto akahamia sebuleni, mkono uko vilevile. Kwahiyo chukua simu, fungua kikokotoo, gawanya gramu za protini kwa gramu za kipimo kimoja. 50 kwa 330 ni asilimia 15, huo ni unga wa uji wa bei mbaya. Protini ya wei (unga wa protini ya maziwa) ya kawaida ni kama 24 kwa 31, asilimia 77, hapo sawa. ONYO: usisome namba ya mbele, na ukiona kwenye viambato wameongeza glaisini au taurini liache, hizo ni amino za bei rahisi zinazopandisha kipimo cha protini maabara ila misuli hazijengi.

4. Krietini monohaidreti (unga wa kuongeza nguvu ya kunyanyua), gramu 3 mpaka 5 kila siku, siku ya tizi na isiyo ya tizi. Aina zingine zenye majina marefu ni bei tu imeongezwa. Wiki ya kwanza unaweza kupanda kilo moja au mbili, ni maji ndani ya misuli, usianze kujipiga picha.

5. BCAA (aina tatu za amino, vijenzi vya protini, zinazouzwa peke yake) usinunue kama protini inatosha.

6. Angalia sili na tarehe. Kama unashindana tafuta yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, yaani imepimwa dawa zilizokatazwa michezoni, maana ukikutwa nazo mwilini "haikuandikwa kwenye lebo" haikuokoi.

MASWALI

Chuma_Tegeta: Mkuu somo zuri, sasa gena ipi nzuri?
– Soma hatua ya 3.
Chuma_Tegeta: nimesoma mkuu, ila ipi
– Hujasoma.

Dogo_Janja88: unapiga vita gena ili uuze wei yako
– Siuzi hata mshumaa. Trei ya mayai mtaani kwangu elfu kumi, ni protini gramu 180, kama shilingi 55 kwa gramu. Ile gena yangu ilikuwa zaidi ya 400. Piga hesabu mwenyewe uniambie nauza nini, kuku?

Bi_Mkubwa_Tanga: Kaka shikamoo, nimeanza vyuma mwaka huu. Krietini haiharibu figo? Na mfungo je?
– Marahaba dada, swali zuri. Kwa mwenye figo nzima na dozi hiyo, tafiti hazijaonyesha madhara. Ila krietini mwilini inageuka kreatinini, na hicho ndo kinapimwa kwenye damu kuangalia figo, kwahiyo kipimo kinaweza kupanda figo ikiwa salama. Mwambie daktari mapema kwamba unatumia. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari. Mfungo usikuchanganye, kunywa baada ya futari au daku, saa haina shida. Na wei ikikujaza gesi ni laktosi ya maziwa, chukua aizoleti (wei iliyochujwa zaidi), ina laktosi kidogo sana.

Mpole_wa_Mbeya: mi natumia vile vidonge vya kunenepa vya mtaani, miezi minne sasa, uso umejaa vizuri
– Kaka huo uso umevimba haujajaa. Vingi ni deksamethasoni, dawa kali ya steroidi, misuli vinaila badala ya kuijenga. Usikate ghafla, mwili unakuwa umeshazoea, nenda hospitali kesho na vidonge mkononi wakupunguzie taratibu. Nipe mrejesho tafadhali.

Mama_Dagaa: mie nasaga dagaa wakavu na karanga, vijiko viwili kwenye uji wa asubuhi. Toeni vichwa kwanza, uchungu uko huko.
– Mama hii ningeiweka hatua ya 2. Unawakaanga kwanza?
Mama_Dagaa: Nawapitisha tu kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike kwa vidole.
Chuma_Tegeta: dagaa wa Kigoma au wa Mwanza?
– Leo umeuliza cha maana.