Mwenyekiti wa klabu, soma hii kabla hujawapeleka wenzako kupanda mikoko

Kaa hula mbegu za mkoko na mbuzi hutafuna majani, lakini kwa klabu ya wanafunzi mharibifu mkubwa ni kalenda ya chuo. Ikifika Julai yuii, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zimeisha, huyu kaenda fildi (mafunzo kwa vitendo) Mwanza, yule karudi kwao Songea, na kule ufukweni Kunduchi miche mliyoipanda kwa vigelegele haina wa kuitazama mpaka muhula ufunguliwe. Kwa hiyo ukipewa uongozi wa klabu ya mazingira, panga kazi yote ukijua kwamba kuna miezi hamtakuwepo.

Jina jipya na nembo mpya si lazima. Roots & Shoots ya Jane Goodall, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, ilianza hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12, na Malihai Clubs, klabu za uhifadhi za wanafunzi, zipo tangu 1980. Kama chuo chenu kina tawi, ingieni humo. Muda mtakaookoa kwenye katiba na usajili utawafaa huko mbele.

Safari ya kwanza ufukweni waende watu wawili au watatu, bila fulana za klabu na bila kamera. Beba barua ya utambulisho kutoka kwa mshauri wa wanafunzi, pitia ofisi ya serikali ya mtaa, acha nakala moja na yako igongwe mhuri. Kisha nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, hata ile inayoonekana kama kichaka kisicho na mwenyewe, kwa hiyo kupanda nako kunahitaji ruhusa yao. Baada ya hapo ndipo mwende kwa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi ufukweni, na kwa wavuvi wenyewe, wakati wanashona nyavu na wana nafasi ya kuongea.

Hapa ndipo panapotaka kiongozi mwenye masikio. Sisi tulikuwa tumeshachagua eneo zuri kwenye ramani ya simu, tope tupu, karibu na barabara. Mzee mmoja aliitikia shikamoo zetu, akaiangalia simu, akacheka. "Mwanangu, hapo mnapotaka kupanda ndipo tunapopitisha mitumbwi. Mkipanda, tutaing'oa, na mtatuita wabaya." Kisha akatuonyesha mahali pengine, nyuma ya kijito, ambapo mikoko ilikatwa zamani na haikurudi. Ramani isingetuambia hayo.

Swali la kumuuliza mwenyeji ni hili: hapa mikoko iliwahi kuwepo? Kama haikuwepo kamwe, kwa mfano kwenye mchanga wazi au penye nyasi bahari, acheni. Miche ya pale hufa, na nyasi bahari nazo mnaziharibu kwa miguu. Kama ilikuwepo, uliza kwa nini haipo. Pengine tuta la shamba la chumvi limeziba njia ya maji, na hapo kazi yenu ya kwanza ni kukaa na mwenye shamba na TFS maji yafunguliwe. Na mkikuta vichipukizi vinajiotea vyenyewe, msipande kitu. Zuieni mifugo, mtunze vilivyopo. Najua haipendezi kwenye picha.

Aina za mikoko nazo zina mahali pake. Mlilana hukaa mbele kuelekea bahari, ile iitwayo hasa mkoko hupenda tope laini la kandokando ya vijito, mchu huvumilia chumvi hata kule nyuma upande wa nchi kavu. Nendeni kukagua siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, mwone maji yanafika wapi yakijaa kabisa. Pwani ya Dar, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo mkiwa kwenye tope saa tatu mna muda wa kutosha kabla hayajarudi.

Siku ya kupanda, watu arobaini wanatosha. Mia mbili watakanyaga mizizi na kulishindilia tope, na utashinda ukitafuta viatu vilivyozama. Raba za kufunga kamba, si yeboyebo. Kila watu wanane wawe na kiongozi wao aliyefundishwa jana yake, maana kosa linalojirudia ni dogo na ni la kusikitisha: mtu anaichomeka mbegu ya mkoko kichwa chini. Ncha iliyochongoka ndiyo inayoingia topeni, ule upande wenye kichipukizi unabaki juu. Sukuma polepole mpaka theluthi moja izame, bila kuchimba shimo, mita moja kutoka mwenzake. Okoteni zilizoanguka zenyewe. Kama mnachuma mtini, ile pete chini ya tunda iwe imegeuka njano. Miche ya kitaluni ihesabiwe pamoja na viriba vyake, ile mifuko ya plastiki iliyooteshewa, na viriba vyote virudi kwenye gunia kabla mtu hajapanda daladala.

Fedha. Michango ikusanywe bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) likitoka, si wiki ya mitihani, na mweka hazina atume hesabu kwenye kundi la WhatsApp kila mwezi hata kama ni shilingi elfu nne. Tengeni kwanza hela ya likizo: kikundi cha akina mama au vijana wa mtaa wakague miche, waondoe takataka zilizonasa kwenye majani, wawapigie ninyi simu pale mbuzi wanapoingia. Kubalianeni kiasi na siku ya kulipa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na msiahidi posho msiyokuwa nayo mkononi. Mkishindwa kulipa mara moja tu, klabu inayokuja baada yenu itafungiwa mlango.

Humohumo kwenye klabu tafuteni wanaokaa Tegeta, Bunju au Mbweni. Hao wako nyumbani Agosti, na hata mwaka wa kwanza asiyejua kuhutubia anafaa kuliko mwaka wa tatu anayeondoka. Wapeni kazi ya kuhesabu. Fungeni kamba kwenye viwanja vichache vya mita 5 kwa 5, kila mwezi waandike daftarini mingapi hai, mingapi imekufa na kwa sababu gani: kaa, mbuzi, taka, au imeng'olewa na mawimbi. Makamu mwenyekiti awe mwaka wa pili, aende na wewe kila unapokwenda kwa mzee na kwa TFS, sura yake izoeleke. Daftari, namba za simu na nakala yenye mhuri umkabidhi Juni, kabla ya fildi.

Fulana mtashona hela ikibaki.