Watamu kwa miguu: panga safari kwa maji, si kwa saa

Mkitoka Mombasa na mwenzako kwa gari kuelekea Malindi, barabara ni kama kilomita 120 na inavumilika. Mambo yako Watamu, mji mdogo wa pwani kabla ya kufika Malindi. Ghuba zake zimetenganishwa na majabali ya matumbawe, na maji yakijaa mnakwama upande mliopo. Kwa hiyo kabla hamjalipia chumba, tazameni mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana, na kupwa huangukia asubuhi kama saa nne hivi. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 kasoro kidogo au zaidi. Basi anzeni saa mbili, maji yakiwa bado yanatoka, mrudi mara tu yanapogeuka. Msingoje yafike magotini.

Ndala ziacheni garini. Matumbawe yanakata, na kwenye vidimbwi kuna wale wanyama wadogo weusi wenye miiba. Vaeni sandali za kufunga nyuma.

Kuhusu chakula, hotelini mimi naona ni hasara. Kunyweni chai ya maziwa kwa mahamri na mbaazi za nazi kwa mama wa kibandani, mapema, maana mbaazi nzuri huisha. Jioni tafuteni samaki wa kupaka. Ulizeni samaki amevuliwa lini. Muuzaji akisitasita, agizeni viazi karai kwa ukwaju mwendelee na mazungumzo yenu.

Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, yako jirani kabisa, wekeni mchana jua likiwa kali: mle ndani miti ni mikubwa na kuna kivuli.