Kuotesha asta kwa mbegu hapa Tabora: kuanzia kitalu hadi shada la harusi

Asta ninayoizungumzia hapa, asta ya China, ni ua la mara moja. Mche ukishachanua ukakatwa, umemaliza kazi. Hauchipui tena kama waridi linavyofanya. Naipanda kila mwaka nyuma ya nyumba, Isevya, na nimeona watu wengi wakiijaribu msimu mmoja kisha wakaiacha, ama kwa sababu maua yaliwajia wakati hakuna anayeyataka, ama kwa sababu mwaka wa pili miche yote ilinyauka. Mambo hayo mawili, tarehe na udongo, ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Hatua ya 1: Mbegu

Asili ya asta hii ni China na Korea. Mbegu zake zilifika Paris katika karne ya 18, na tangu hapo zimezalishwa aina nyingi: nyeupe, pinki, nyekundu, zambarau, samawati. Njano iliyokolea huwezi kuipata, utapata ya rangi ya maziwa mgando tu.

Kwa kupamba mbele ya nyumba, nunua aina fupi kama Milady, ambayo huishia sentimita 25 hadi 30. Kwa mashada unataka aina ndefu, Matsumoto au Duchess. Mimi nimebaki na Matsumoto kwa sababu huvumilia ugonjwa wa mnyauko, nitakaoueleza mbele, kuliko nyingine nyingi.

Tazama tarehe kwenye pakiti kabla hujatoa pesa. Mbegu ya asta huzeeka haraka. Ya mwaka jana bado inafaa, ya mwaka juzi inakupotezea muda. Niliwahi kununua pakiti nzima dukani, ikaota miche 6. Siku hizi nazijaribu kwanza: mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa. Baada ya siku 10 zikiwa zimeota 14 au zaidi, nasia. Zikiota 8, nasia mara mbili zaidi. Gramu moja ina mbegu kama 400 hadi 500, kwa hiyo kwa bustani ya nyumbani gramu moja inakutosha kabisa.

Hatua ya 2: Hesabu siku kurudi nyuma

Mwaka juzi binti mmoja alinijia mwezi wa saba. "Shikamoo mama, dada yangu anaolewa mwezi wa tisa mwishoni, naomba unipandie maua meupe." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, lakini umechelewa. Maua ya mwezi wa tisa mbegu zake zilitakiwa ziwe ardhini mwezi wa sita mwanzoni."

Kutoka kusia hadi kukata ni siku 100 hadi 120. Hapa kwetu mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei mwanzoni, na asta haipendi kunyeshewa ikiwa imechanua: petali hushika ukungu na kuoza. Joto kali la Septemba na Oktoba nalo huipunguza ukubwa wa ua. Kwa hiyo mimi nalenga maua yangu yaje Julai na Agosti, kukiwa kukavu na usiku una baridi. Huo pia ndio wakati watu wameuza tumbaku na harusi zimeanza.

Nasia awamu tatu: mwanzo wa Aprili, katikati ya Aprili, na mwanzo wa Mei. Ukisia zote siku moja utakuwa na maua ya kujaza chumba kwa wiki tatu, kisha hakuna.

Hatua ya 3: Kitalu

Aliyewahi kulea kitalu cha tumbaku atajisikia nyumbani, ila asinyunyizie mbegu kwa keni ya kumwagilia. Gramu moja ya tumbaku ina mbegu zaidi ya 10,000. Ya asta ni kubwa, unaipanga kwa vidole.

Changanya udongo wa msituni na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu, uuchome kwa kuni au kuuchemsha kwenye pipa ili kuua vimelea. Ukipoa, jaza trei au beseni lililotobolewa. Chora mistari ya kina cha nusu sentimita, panga mbegu zikiachana kama sentimita moja, funika kwa mchanga laini, mwagilia taratibu, kisha tandaza nyasi kavu. Weka chini ya kibanda, maana mvua ya Aprili itazichimbua.

Zitaanza kuota siku ya 7 hadi ya 14. Ukiona vichwa vya kwanza, ondoa nyasi siku hiyohiyo, jioni. Kuanzia hapo hatari ni kinyausi: shina linalegea usawa wa udongo na mche unalala. Mwagilia asubuhi tu, na acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kurudia.

Hatua ya 4: Tuta

Chagua mahali penye jua angalau saa 6 kwa siku. Miembe yetu ya Tabora ni mizuri kwa kupumzika, lakini chini yake asta hurefuka ikawa dhaifu na maua huwa machache.

Udongo wetu ni wa kichanga na una uchachu. Tia samadi iliyooza kabisa, ndoo moja kwa kila mita moja ya mraba, na majivu makopo mawili. Samadi mbichi usiitie, inaalika mnyauko. Na usipande pale ulipokuwa na tumbaku au nyanya zilizoota mafundo kwenye mizizi, kwa sababu minyoo fundo huishambulia asta pia.

Hatua ya 5: Kupandikiza na kutunza

Miche ikiwa na majani halisi manne, izoeshe jua kwa wiki moja, kisha ihamishe jioni. Aina fupi iachane sentimita 20, ndefu 25 hadi 30. Panda kwa kina kilekile ilichokuwa nacho kitaluni. Mwagilia shinani, si juu ya majani. Mizizi ya asta iko juujuu, kwa hiyo palilia kwa mkono na tandaza nyasi.

Pakiti itakuahidi shina la sentimita 70. Hapa usishangae ukipata 45. Asta hurefusha shina siku zikiwa ndefu, na huko Ulaya mchana wa kiangazi hupita saa 15, wakati kwetu ni saa 12 mwaka mzima, pungufu au zaidi kwa dakika chache. Kwa shada la mkononi 45 inatosha. Ukitaka zaidi, ning'iniza balbu juu ya tuta na uiwashe kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, tangu wiki ya kupandikiza mpaka vitumba vionekane. Nilifanya hivyo kwa tuta moja, na tofauti niliiona kwa macho bila kupima.

Mnyauko

Mwaka wangu wa pili nilipanda tuta lilelile, kwa kuwa lilikuwa na rutuba. Miche ilikua vizuri hadi vitumba vikatokea, ndipo majani ya upande mmoja yakaanza kuwa ya njano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Mche wenye kiu huinuka jioni, hii haikuinuka. Nilipopasua shina nikakuta michirizi ya kahawia ndani. Ni mnyauko fuzari, ukungu unaokaa udongoni miaka mingi, na ukishaingia kwenye mche hakuna dawa ya kuuponya. Nilipoteza karibu tuta zima, na maua yalikuwa yameshaagizwa.

Ng'oa mche mzima, uchome moto, usiutupe kwenye mboji. Osha jembe kabla ya kwenda tuta jingine. Tuta lile lisirudiwe na asta kwa miaka 5. Panda mahindi au mchicha. Mimi nimegawa eneo langu sehemu sita, na asta hukaa sehemu moja tu kila mwaka.

Hatua ya 6: Kukata

Kata alfajiri, petali za nje zikiwa zimefunguka na katikati bado pamebana. Kitumba kilichofungwa kabisa hakitachanua ndani ya maji. Ondoa majani yote ya nusu ya chini, maana yakiloa huoza na kunuka haraka. Weka mashina kwenye ndoo ya maji safi kivulini kwa saa chache kabla ya kufunga shada. Ukibadili maji kila baada ya siku mbili, maua hukaa siku 7 hadi 10.

Hatua ya 7: Mbegu za mwakani

Acha miche mitatu au minne bora, isiyo na dalili yoyote ya ugonjwa, kwa sababu mnyauko husafiri pia kwa mbegu. Ua likinyauka na kuota manyoya meupe katikati, likate, lianike kivulini wiki mbili, kisha lifikiche. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Juu ya kopo naandika rangi, mwezi, na namba ya sehemu zilikotoka, ili mwakani nisizirudishe palepale.