Namna ya Kuandaa Mafungo ya Wamisionari Mjini Moshi

Kishawishi kikubwa cha mwandalizi wa mafungo ya wamisionari, yaani siku za kujitenga kwa mapumziko na sala, ni kuyageuza kuwa semina. Ratiba hujazwa mada, wageni rasmi hualikwa, na kila mshiriki huagizwa aje na taarifa ya utumishi wake, kana kwamba taarifa alizoandika mwaka mzima hazikutosha. Mtu aliyetumwa na kanisa la hapa kwetu kwenda kutumika Msumbiji au Kongo, sawa na familia iliyotoka Ujerumani kuja kufundisha katika chuo cha Biblia, hana upungufu wa mada. Anachokosa ni mahali ambapo hatazamwi kama mtumishi. Katika Injili ya Marko sura ya 6, mitume waliporudi na kumweleza Yesu yote waliyoyatenda, hawakuwekewa kikao cha tathmini, bali waliitwa kando wapumzike, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Maelekezo yafuatayo yanaanzia hapo, nayo ni kwa kamati inayokusudia kukusanya watu wapatao 20 hadi 30 mjini Moshi au katika vijiji vya mlimani.

Jambo la kwanza ni tarehe. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara za mlimani, na gari dogo linaweza kukwama kwenye utelezi hatua chache kutoka lango la nyumba ya mafungo. Juni na Julai baridi ya Machame na Marangu humsumbua aliyetoka pwani au bonde la joto, kwa hiyo mkiichagua miezi hiyo, hesabuni blanketi kabla ya kuhesabu vitabu vya nyimbo. Desemba iacheni kabisa: Wachaga wanarudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, mabasi yanajaa, na kila nyumba ina wageni wake. Nafasi nzuri ni kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari, au Septemba kabla vuli haijaanza, ingawa Septemba hosteli nyingi huwa na wapanda mlima na vyumba vinapaswa kuwekewa malipo ya awali miezi kadhaa mapema. Pangeni usiku usiopungua minne, kwa sababu siku ya kwanza huliwa na safari na ya pili na usingizi. Anayekuja kwa ndege atashukia Uwanja wa Kilimanjaro, ulioko kati ya Arusha na Moshi. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano akumbushwe kadi ya chanjo mapema, si akiwa tayari amepanga foleni uwanjani.

Sisi Watanzania hatuwezi kufanya mkutano bila bango na fulana. Mwaka wa kwanza tulipoandaa mafungo ya namna hii tulitundika getini bango lenye majina ya washiriki na nchi wanazotumikia, tukafurahi sana, mpaka dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi katika nchi ambako kujulikana kuwa mmisionari kunaweza kumfukuzisha, au kuwaponza majirani zake, alipotuomba kwa sauti ya chini tulishushe. Tangu siku hiyo hatutundiki kitu. Picha hazipigwi mpaka kila aliyemo akubali, ibada hazirushwi mtandaoni, na orodha ya majina hubaki kwa mtu mmoja. Kwaya ya mtaa ikitaka kuja kuimba, ije, lakini simu zibaki mifukoni.

Kiini cha mafungo ni duara la mazungumzo, na hapa ndipo kamati nyingi hukosea bila kujua. Asubuhi, baada ya sala na saa moja ya ukimya, washiriki huketi wanane wanane na kusimuliana yaliyowapata: upweke, ugomvi na wenyeji, ndoa iliyochoka, mashaka ya imani ambayo hayawezi kutamkwa mimbarani. Katika duara hilo asiketi mtu yeyote wa idara iliyowatuma, hata akiwa mpole kiasi gani, kwa kuwa hakuna anayesema ukweli mbele ya mtu anayesaini posho yake. Katibu wa misioni akaribishwe chakula cha jioni ya mwisho, awasalimu, aondoke. Mwongoza duara awe mshauri nasaha au mchungaji mstaafu ambaye hatapeleka habari popote, na hilo litangazwe siku ya kwanza mbele ya wote. Asiyetaka kusema aachwe anyamaze, wala asiombewe kwa sauti kubwa kwa sababu tu amenyamaza.

Mchana pumzikeni. Alasiri moja inatosha kwa matembezi, na mimi ningewapeleka Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mahali walipouawa mwezi Oktoba 1896 wamisionari wa Misioni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Majina ya wale wawili yanajulikana sana. Ya Wachaga hayatajwi mara nyingi, ingawa nao walikuwa ugenini. Msiweke hotuba pale. Asiyependa makaburi abaki chini ya migomba.

Watoto wanahitaji mpango wao wenyewe, wala si chumba chenye katuni tu. Mtoto aliyekulia Maputo huenda anaongea Kireno vizuri kuliko Kiswahili, na akifika Moshi, mahali wazazi wake wanapopaita nyumbani, kila shangazi humcheka matamshi. Walezi mtakaowachagua waonywe juu ya kicheko hicho. Wawe wawili au zaidi kwa kila kundi, watu ambao usharika unawafahamu vema, na wazazi waelezwe walipo watoto saa zote, vinginevyo mama hatatulia kwenye duara.

Chakula kisiwe cha hoteli. Mtu aliyekaa miaka mitatu bila kuonja mtori anastahili mtori, na machalari, na chai ya maziwa isiyopimwa kwa kikombe. Mgeni wa Ulaya naye atakula na kufurahi, ila mtengeeni wali pembeni. Zamu za kuosha vyombo zisiwahusu washiriki.

Gharama zote, nauli zikiwemo, zilipwe na sharika zinazotuma, na fedha ziwe mkononi mwa mhasibu wiki mbili kabla. Changizo isipitishwe mbele ya washiriki hata kwa nia njema, maana watajiona wamekuwa mzigo. Ushirika Mtakatifu ufanyike siku ya mwisho, baada ya kuulizana mapema kama madhehebu yote yaliyomo yanaweza kushiriki meza moja. Yasipoweza, fanyeni ibada ya kawaida ya kuaga bila kulazimisha.

Asubuhi ya kuondoka funga ndizi na mayai ya safari kwa kila familia, na baada ya wiki tatu mwongoza duara ampigie kila mmoja simu, bila kumwuliza habari za kazi.