Kubadili Kazi Qatar: Barua Mkononi Kwanza, Notisi Baadaye

Saa ya Doha na saa ya Mombasa ni moja. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akitoka zamu hunipigia wakati nakanda unga wa mahamri ya asubuhi, hapa Majengo. Ni mlinzi wa jengo kule, ana miezi 19. Wiki iliyopita alikuwa na furaha mpaka maneno yanampotea: "Dada, nimepata kazi ya hoteli! Kesho nampelekea bosi barua ya kuacha kazi." Nikamwambia, ngoja. Usipeleke kitu.

Nilikaa Doha kuanzia 2016 hadi 2023, keshia wa supamaketi, na kampuni niliibadili mara moja. Niliyomweleza yeye nawaandikia na nyinyi mlio kule, maana najua usiku wa kulala na wasiwasi wa kitambulisho ulivyo mrefu.

Kwanza jueni hili: ruhusa ya bosi si sharti tena. Nilipofika, kampuni iliyokuleta ndiyo iliyokushika. Bila barua yake ya kukubali uondoke, huendi kwa mwengine. Sheria nambari 18 na 19 za mwaka 2020 ziliiondoa barua hiyo, na hata wafanyakazi wa nyumbani wana haki ya kubadili mwajiri. Lakini mimi nilipotaka kuhama mwaka 2021, meneja aliniambia usoni, "Barua sikupi." Nililia wiki nzima kwa karatasi ambayo sikuihitaji. Ukiambiwa hivyo, usibishane naye. Endelea na taratibu zako.

Kitu cha kushika kwanza ni barua ya kazi mpya, yenye saini yako na ya kampuni, na iwe na Kiarabu. Isome polepole. Tafuta mshahara wa msingi umeandikwa wapi, kisha chakula na malazi. Tangu Machi 2021 kiwango cha chini ni riyali 1,000 za msingi, na kama kampuni haikupi malazi wala chakula, iongeze 500 za malazi na 300 za chakula. Jumlisha mwenyewe: ukiahidiwa "1,800 kila kitu ndani", ujue hicho ndicho kiwango cha chini chenyewe, hakuna ulichoongezewa. Na ule wa msingi una uzito wake, kwa sababu malipo yako ya mwisho wa kazi hupigiwa hesabu juu yake: si chini ya wiki tatu kwa kila mwaka, ukishamaliza mwaka mmoja. Kampuni unayoiacha inakudai notisi tu. Wewe unaidai pesa hizo, pamoja na siku za likizo ambazo hukuzichukua.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: je, kampuni mpya ina nafasi ya viza kwa Mkenya, kwa kazi hiyo, kwa mwanamume au mwanamke kama wewe? Hoteli inaweza kukupenda na bado isiweze kukuhamisha, kwa kuwa nafasi zake za viza ni za watu wa nchi nyingine. Wakikujibu "tutaona", bado huna kazi.

Angalia na kitambulisho chako cha ukaazi. Kiwe hai, au kama kimeisha, kisiwe kimepita siku 90. Hakikisha laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, si ya rafiki, maana ujumbe wa serikali huja huko. Pasipoti ikae kwako. Sheria ya Qatar inamkataza mwajiri kuishikilia. Ikiwa inakaribia kuisha, anza na ubalozi wetu uliopo Doha mapema.

Hayo yakitimia, ndipo utoe notisi kupitia mtandao wa Wizara ya Kazi. Ukiwa na miaka miwili au chini yake kazini, ni mwezi mmoja. Ukiipita miaka miwili, ni miezi miwili. Mdogo wangu na miezi yake 19 ana mwezi mmoja tu. Ukihama ungali kwenye majaribio, kampuni mpya ndiyo humrudishia mwajiri wa zamani sehemu ya gharama za kukuleta, zisizozidi mishahara ya msingi ya miezi miwili. Deni hilo si lako, usikubali likatwe kwenye mshahara wako.

Sasa hapa nawasihi kama ndugu. Fanya kazi mpaka siku ya mwisho ya notisi. Tulilala chumba kimoja na binti wa Kilifi, mchapakazi, aliyeitwa na mkahawa aanze haraka. Aliondoka wiki mbili kabla. Kampuni ikaripoti kuwa ametoroka, na msichana yule akarudishwa nyumbani na begi moja. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma. Piga picha karatasi za mahudhurio, weka nakala za hati za mshahara, na tuma zote kwa mtu wa nyumbani.

Notisi ikiisha, kampuni mpya huandaa mkataba kwenye mtandao, unausaini, Wizara ya Kazi inauthibitisha, kisha Wizara ya Mambo ya Ndani inatoa kitambulisho chenye jina la mwajiri mpya. Kabla mkataba haujathibitishwa, usivae sare yao hata kwa siku moja ya "kujifunza".

Na ushauri wa walio Dubai uwaachie wa Dubai. Kule sheria ni ya mwaka 2021, notisi ni kati ya siku 30 na 90 kwa mujibu wa mkataba, na anayehama akiwa kwenye majaribio hutoa mwezi mmoja. Mdogo wangu alikuwa amechanganyiwa yote mawili na marafiki.

Jana alinitumia picha ya barua ya hoteli. Imeandikwa jumla tu, mshahara wa msingi haumo. Nimemwambia airudishe waandike upya, na aulize habari ya nafasi ya viza. Bado hawajamjibu, na notisi hajaipeleka.